Mabasi 12 na Mji Mzima: Tugawe Namna Gani?

Saa kumi na moja ya asubuhi, kabla jua halijatoka, mama mmoja amesimama kando ya barabara. Kichwani ana beseni la mboga. Ametoka mtaa wa mbali: labda ni Ruashi mjini Lubumbashi, labda ni Kimbanseke mjini Kinshasa, labda ni mtaa wowote ulio mbali na soko. Anangoja basi. La kwanza linapita, limejaa mpaka mlangoni. La pili linasimama mbele kidogo. Vijana wanakimbia, wanasukumana, wanaingia. Mama na beseni lake anabaki chini. La tatu linampokea. Lakini katikati ya safari receveur, yule kijana apokeaye nauli, anapiga kelele: «Terminus! Wote chini!»

Mama anasema: «Mwanangu, mimi nimelipa mpaka sokoni.»

Kijana anajibu: «Mama, leo tunaishia hapa. Panda lile la mbele, lipa tena, utafika.»

Wakaaji wa Kinshasa wanaijua sana desturi hiyo, nao wameipa jina: demi-terrain, ndiyo kusema nusu ya uwanja. Safari moja inakatwa vipande viwili, na nauli moja inakuwa nauli mbili. Mama anapofika sokoni, jua limekwisha kupanda, wanunuzi wa mapema wamekwenda zao, na mboga zimelegea.

Ndugu wasomaji, tuulize: mama huyu ameibiwa na nani? Nauli ya pili tunajua imeingia mkono gani. Lakini zile saa alizosimama barabarani, nani amezichukua? Hakuna mtu aliyezitia mfukoni. Hata hivyo zimepotea, na hazitarudi.

Kwa kawaida tunafikiri kwamba habari za mabasi ni kazi ya mafundi na ya mabwana wa serikali. Wao wachore njia, wao wanunue magari, sisi tupande. Sisi twasema sivyo. Mabasi ya mji ni kitu cha kugawa, nayo hayatoshi. Na kila mara watu wanapogawa kitu kisichotosha, swali la haki limekwisha kuingia nyumbani.

Saa za mtu ni sehemu ya maisha yake

Mwenye motokari yake hutoka nyumbani wakati anaopenda. Asiye nayo hutoka wakati basi linapopenda. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, kumbe ni kubwa sana. Mtu maskini hulipa mara mbili: hulipa kwa feza, tena hulipa kwa saa zake.

Tufanye hesabu. Mtu akingoja nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, ni saa 1 kila siku. Akifanya kazi siku 6 kwa juma, ni saa 6. Kwa majuma 50 ya mwaka, ni saa 300. Kama siku ya kazi ni saa 8, basi mtu huyo amesimama barabarani zaidi ya siku 37 za kazi, bila mshahara, bila kupumzika, bila kuwa pamoja na watoto wake. Mtu akimwambia mfanyakazi: «Kila mwaka utanipa siku 37 za kazi bure», sote tungesema ni utumwa. Lakini kwa sababu siku hizo zinachukuliwa kidogo kidogo, nusu saa leo na nusu saa kesho, hatuoni kitu. Twasema tu: «Ndiyo maisha ya mjini.»

Kosa ni la nani?

Hasira yetu ya kwanza humwendea dereva na receveur. Sisi hatutaki kuwatetea katika ubaya. Kupokea nauli ya safari nzima na kumshusha mtu katikati ni kuvunja ahadi, na mali ipatikanayo hivyo si mali safi.

Lakini tutazame vizuri zaidi. Dereva wa basi dogo mara nyingi si mwenye gari. Kila jioni anapaswa kumpelekea mwenye gari kiasi cha feza kilichotajwa; kinachobaki ndicho chake na cha mwenzake. Mafuta ananunua, matope anapita, matairi yanapasuka, na mkono wa kuombaomba haukosi penye njia panda. Akienda mpaka mwisho wa njia na gari nusu tupu, jioni watoto wake hawali. Kwa hiyo hangoji saa, angoja watu. Hatoki mpaka gari lijae. Na likiisha kujaa, wanaongoja katikati ya njia wanaliona likipita tu. Mahali ambapo chakula cha dereva kinatoka katika kukimbiza abiria, tusishangae akiwakimbiza.

Tena kuna jambo la zamani zaidi. Wakati wa ukoloni, mjini Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, na mjini Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa, mitaa ya wazungu na mitaa ya weusi ilitengwa, na katikati palikuwa na eneo lililoachwa bila nyumba. Mfanyakazi alitakiwa mjini kila asubuhi, lakini hakutakiwa kulala huko. Baada ya uhuru wa mwaka 1960 miji ilizidi kupanuka, nao wageni walijenga palipobaki nafasi, mbali na mbali zaidi. Mama yule hakuchagua peke yake kukaa mbali na soko. Mji wenyewe ulimweka huko. Basi mji una deni kwake.

Gari jipya halijibu swali

Wengine husema: «Nunueni magari mapya, shida itakwisha.» Magari yanatakiwa, hatukatai. Mwaka 2013 serikali ilianzisha Transco mjini Kinshasa na kuleta mabasi makubwa, na watu walifurahi. Lakini gari lenyewe, hata likiwa la ajabu namna gani, halijibu swali la kugawa.

Kisa kimoja cha zamani chatufundisha. Kuanzia mwaka 1955 Léopoldville ulikuwa na mabasi ambayo karibu dunia nzima haikuwa nayo. Yaliitwa gyrobus. Hayakuchoma mafuta. Ndani yake palikuwa na gurudumu kubwa zito. Basi likisimama kituoni liliunganishwa na umeme, gurudumu likazungushwa kwa nguvu sana, na nguvu ya mzunguko huo ndiyo iliyolisukuma basi mpaka kituo kingine. Yalikuwa mabasi 12 katika njia 4, urefu wa njia zote pamoja kama kilometa 20. Watu waliyastaajabia. Lakini yalikuwa mazito, yalikula umeme mwingi, vyuma vya kushikilia gurudumu vilivunjika, nazo njia zisizo na lami ziligeuka matope wakati wa mvua. Mwaka 1959 yaliachwa.

Fundi huuliza: «Gari linakwenda kwa nguvu gani?» Mama mwenye beseni huuliza: «Linakuja saa ngapi?» Maswali hayo si mamoja, nasi tulijibu mara nyingi lile la fundi, tukaacha lile la mama.

Hesabu ya mabasi 12

Haya, tuchukue mabasi 12 hayohayo, tuyafanyie hesabu ndogo. Tuseme kila njia ya mji, kwenda na kurudi, inachukua dakika 60.

Tukiyaweka mabasi yote 12 katika njia moja, basi litapita kila dakika 5. Hapo mtu hahitaji kujua saa. Anatoka nyumbani, anafika barabarani, basi hili hapa.

Tukiyagawa katika njia 4, kila njia itapata mabasi 3, na basi litapita kila dakika 20.

Tukitaka kila mtaa upate njia yake, tukachora njia 12, kila njia itapata basi 1 tu, nalo litapita mara moja kila saa. Na basi hilo moja likivunjika, mtaa mzima hauna kitu mchana kutwa.

Tazameni ubaya wa hesabu hiyo. Ramani ya njia 12 inapendeza kuitazama ukutani. Kila mtaa umepata mstari wake, na kila mkubwa anaweza kuwaambia watu wake: «Mimi nimewaletea basi.» Lakini kwa kweli amewaletea kungoja. Ramani ya njia chache inaonekana maskini, kumbe ndani yake mna mabasi yapitayo mara kwa mara. Tena mahali ambapo mabasi hupita upesi, mtu anaweza kushuka katika njia moja na kupanda nyingine bila hofu. Kwa hiyo njia chache zikivukana vizuri zinafikisha watu mbali kuliko njia nyingi zisizo na basi.

Lakini hapa ndipo ugumu unapoanza. Tukichagua njia chache, kuna watu watakaotembea zaidi. Na kuna mzee fulani, mwisho kabisa wa mji, ambaye zamani basi lilipita mlangoni pake mara moja kila saa, na sasa halitapita tena. Je, ni haki kumnyima huyo ili kuwapa wengi?

Mji mmoja uliosema wazi

Miji mingi hulikimbia swali hilo. Mji mmoja ulilitazama usoni: ni Houston, katika jimbo la Texas, Marekani. Ni mji wa mafuta na wa motokari, mpana mno, na maskini wake wengi hutegemea basi. Njia zake zilikuwa zimeongezwa na kupindwa mwaka kwa mwaka, mpaka sehemu kubwa ya mabasi ilizunguka mahali penye watu wachache.

Wakubwa wa mabasi ya mji huo walikubali kusema jambo ambalo wanasiasa hawapendi kulisema: hatuwezi kuwapa wote kila kitu. Wakaamua kwamba kazi ya mabasi igawanywe hivi: sehemu kama 80 katika 100 ziwekwe mahali patakapobeba watu wengi, na sehemu kama 20 zibakie kwa ajili ya mitaa yenye watu wachache, hata kama mabasi hayatajaa. Tarehe 16 Agosti 2015, kwa siku moja, njia karibu zote zilibadilika. Njia kubwa zikawa na basi kila dakika 15 au upesi zaidi, kwa muda wa saa 15 kila siku, siku zote 7 za juma. Na kazi hiyo haikuanza kwa kuongeza feza nyingi, ilianza kwa kugawa upya ile iliyokuwapo.

Ikawaje? Siku za kazi mabadiliko hayakuwa makubwa mwanzoni. Lakini Jumamosi, na hasa Jumapili, wasafiri waliongezeka wazi. Na nani hupanda basi siku ya Jumapili? Ni mwenye kufagia hospitali, mpishi wa hoteli, mlinzi wa duka, mtu aendaye kumwona mgonjwa, na mkristo aendaye kusali. Zamani waliambiwa kwamba siku hiyo wakae nyumbani. Walakini hatutaficha upande wa pili: wengine walilalamika, kwa sababu walipaswa kutembea mbali zaidi, na barabara nyingi za mji ule hazina njia ya waendao kwa miguu.

Tupime maneno mawili

Sasa tuyapime maneno ya watu.

Wa kwanza anasema: «Haki ni kila mtaa kupata sawasawa.» Neno hili ni zuri kusikia. Lakini tumfikiri baba mwenye watoto 12 na blanketi 2. Akiyakata blanketi vipande 12, kila mtoto atapata chake, tena sawasawa, na wote watatetemeka kwa baridi mpaka asubuhi. Akiwalaza watoto 6 chini ya kila blanketi, wote watapata joto, ijapokuwa hakuna anayeweza kusema: «Hili ni langu.» Kugawa sawasawa si haki siku zote. Kitu kingine ukikikata mno, umekiua. Basi lipitalo mara moja kwa saa, tena labda lisije, si zawadi kwa mtu anayepaswa kufika kazini. Hawezi kulitumainia, kwa hiyo hana basi.

Wa pili anasema: «Tuwahesabu watu. Palipo na wengi, huko tu mabasi yaende, wengine wajitafutie.» Mtu huyu anajua hesabu, lakini hajui watu. Kwa kijana mwenye miguu yenye nguvu, kutembea dakika 15 ni jasho kidogo tu. Kwa kipofu, kwa mama mwenye mimba ya miezi minane, kwa mzee anayeegemea fimbo, dakika 15 hizo ni ukuta. Hasara ya kijana na hasara ya kiwete hazilingani, na mtu akizijumlisha kama vichwa vya ng'ombe amekosa.

Sisi tunafikiri hivi. Sehemu kubwa ya mabasi iende katika barabara kubwa, ipite mara kwa mara, tangu alfajiri mpaka usiku, na Jumapili pia. Wenye nguvu wakubali kutembea. Hatua zao ndizo sadaka yao kwa mji. Kwa kutembea kidogo wanalifanya basi lije upesi kwa wote, na kwao wenyewe. Kisha sehemu ndogo itengwe, itajwe kabisa kwa hesabu, kwa ajili ya wale wasioweza kutembea, na mtu asiwachukulie akisema kwamba basi lao halijai. Basi hilo halikuwekwa lijae. Liliwekwa ili mtu asiachwe.

Na sehemu hiyo ndogo igawanywe kwa kutazama uhitaji, si kwa kusikiliza sauti. Hapa miji mingi hukosa. Mtaa wenye watu wa maneno mengi na wenye jamaa serikalini hubaki na basi lake. Mtaa wa wanyonge hunyang'anywa, tena huambiwa kwamba ndiyo maendeleo. Mwenye kupoteza basi ana haki ya kuambiwa mapema, uso kwa uso, na sababu zake zote. Kumnyima mtu kwa ajili ya wengi pengine ni lazima. Kumnyima kwa siri ni dhuluma.

Yanayowezekana kwetu

Mtu atasema: «Hayo ni ya Marekani. Kwetu hata barabara hakuna.» Kweli, umaskini wetu si wa kuchezea. Lakini tusisahau kwamba maskini ndiye anayepaswa kugawa vizuri kuliko tajiri.

Mambo mengine hayataki gari jipya. Basi likipewa njia yake lisikwame kati ya motokari, safari ya dakika 90 inaweza kurudi kuwa dakika 60. Hapo mabasi 12 yaliyopita kila dakika 7 na nusu yatapita kila dakika 5, nasi hatukununua hata moja. Dar es Salaam ulianza namna hiyo mwezi wa Mei 2016: mabasi yanayoitwa na watu mwendokasi yalipewa barabara zao wenyewe. Na huko pia ilionekana kwamba barabara peke yake haitoshi, kwani mabasi yakiwa machache watu husongamana vituoni.

Pia mabasi yatoke kwa saa, yasitoke kwa kujaa. Basi likichelewa kidogo hukuta watu wengi zaidi kituoni. Kuwapakia kunalichelewesha tena. Na lile la nyuma, likikuta vituo vitupu, hulifikia. Ndiyo sababu twangoja muda mrefu, kisha mabasi matatu yanakuja pamoja. Mtu mmoja tu mwenye saa na daftari, akiyatuma moja moja kwa nafasi, huwasaidia wengi. Na dereva apewe mshahara wa kweli, ili asitafute chakula chake kwa kumkata mama safari.

Nasi abiria tuna sehemu yetu. Tunalaumu serikali, na sisi wenyewe tunamsukuma mama mwenye beseni mlangoni. Tunasimamisha motokari yetu mahali pa basi, kwa dakika mbili tu, twasema, na watu 60 wanatungoja. Kupanga mstari hakutaki feza. Kumpisha mzee hakutaki amri ya waziri.

Mwisho, tunawaomba wale wanaoamua habari za mabasi kufanya jambo moja dogo. Kabla hamjatia sahihi, acheni motokari nyumbani kwa muda wa juma moja. Nendeni saa kumi na moja ya asubuhi katika mtaa wa mwisho, msimame karibu na mama yule, mngoje pamoja naye. Basi lisipokuja, mtajua linalotakiwa. Na likija, mpisheni yeye kwanza.